Kubadili ulaji ukadumu nao: anza na kijiko cha sukari, supamaketi baadaye

Mi nishajaribu kubadili ulaji mara tatu na zote nikafeli kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mara ya nne ambayo sasa ina mwaka na kitu. Kosa lilikuwa lilelile, Januari inaanza naingia supamaketi natoka na kopo la uji wa kizungu, mkate wa brauni na mafuta ya zeituni kachupa kadogo kama ka dawa ya kikohozi, hela yote imeishia hapo, halafu wiki ya pili niko mezani na bakuli langu peke yangu na wenzangu wanakula mihogo ya nazi wananiangalia kama mgonjwa. Nani ataweza kuendelea hivo?

Kwa hiyo usiguse menyu kwanza. Kula mnachokula nyumbani, ila badilisha vipimo, na kimoja kimoja.

Anza na sukari ya chai kwa sababu iko mkononi mwako, humuombi mtu ruhusa. Nenda kaangalie kijiko kilichopo kwenye kopo la sukari. Chetu kilikuwa kile cha kulia wali, siku moja nikachota kama navyochota kila siku nikaanza kuhamishia kwenye kijiko kidogo cha chai, vikatoka vitatu na kingine kikamwagika. Na mi nilikuwa naweka viwili vya hivo kwa kikombe, asubuhi na jioni! Kijiko kidogo ni kama gramu 4, Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikishuka mpaka 25 ndo bora zaidi. Yaani soda sijagusa na mstari nishauvuka, na soda moja ya ml 350 ina vijiko karibu tisa.

Nilichofanya, nilitoa kile kijiko nikaweka kidogo, basi, sikutangaza kitu. Halafu kila baada ya wiki mbili nikapunguza nusu kijiko, na tangawizi na iliki nikaongeza ili chai isipooze. Ukikata yote siku moja utaiona chai kama maji ya kuoshea vyombo na Jumatano utarudi kulekule. Ukienda polepole ulimi unazoea, siku hizi nikipewa chai ugenini naiona shira.

Usijipe siku 21 kama wanavyosema watu. Kuna utafiti wa University College London wa 2010, walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajizoesha kitu kipya, wastani ilichukua siku 66 mpaka kikawa kinakuja chenyewe, ila kuna waliotumia 18 na kuna ambao ilikadiriwa mpaka 254. Na waliporuka siku moja haikuharibu kitu. Kwa hiyo ukienda harusini kula pilau yako, kesho yake endelea na kijiko chako kidogo.

Ya pili ni sahani. Mboga inatangulia, matembele au mchicha au kisamvu ijae nusu ya sahani, halafu ndo ugali unaingia kwenye nafasi iliyobaki. Ukianza na ugali utajikuta umeuweka mlima na mboga imebanwa pembeni kama abiria wa daladala saa moja asubuhi. Kwa mama ntilie nasema mapema kabla hajachota, "dada wali nusu, maharage na majani ongeza", bei haipungui lakini sijawahi kukataliwa. Dona ni nzuri kuliko sembe maana pumba na kiini vimo, ila mahindi yachambue kabla ya kusaga, yenye ukungu tupa, 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, kwenye mahindi.

Sasa chipsi mayai. Hapa ndo nilipokuwa naangukia kila mara na nilikuwa nadhani sina msimamo, kumbe ni njaa tu. Chakula cha mchana nakula saa saba, nashuka kituoni saa moja na nusu usiku baada ya foleni, na pale pale kituoni kuna karai limechemka, harufu inakufuata mpaka kwenye mkoba. Mtu hajala masaa sita unategemea apite tu? Nikaanza kununua karanga za kuchemsha au ndizi mbivu mbili saa kumi na moja kabla sijatoka kazini, na nikishuka napita upande wa pili wa barabara. Ndo hivo tu, upande wa pili. Chipsi nakula bado, Ijumaa, na kachumbari nyingi.

Mafuta ya kupikia ongea na anayepika vizuri, usimsimamie jikoni kama mkaguzi. Sie tuliacha kumimina kutoka kwenye dumu, tunapima na kijiko cha chakula, vitatu kwa sufuria ya familia, na hakuna aliyelalamika. Na kama unatumia dawa za kisukari au presha ongea na daktari kwanza, ukikata wanga ghafla na dawa ni zilezile sukari inaweza kushuka ukaanguka.

Mimi sasa hivi niko kwenye chumvi, inatakiwa iwe chini ya gramu 5 kwa siku ambayo haifiki kijiko cha chai kilichojaa, na hiyo imo mpaka ya kwenye mkate na vile viungo vya dukani vya kuweka kwenye mchuzi. Kichupa cha mezani nishakitoa. Embe mbichi bila chumvi na pilipili ndo bado inanishinda.