Ukiinua ATV, angalia shafti kabla ya kukaza nati

Kwa wenye pikipiki za magurudumu manne wanaotaka kuziinua inchi mbili ili zipite matope ya Ngong: breketi zenyewe, yaani vipande vya chuma vya kuinulia vinavyofungwa kwenye shokomzoba, si kazi ngumu. Unapiga jeki chini ya fremu mpaka magurudumu yaning'inie, unafungua shokomzoba, unafunga breketi, unarudisha. Asubuhi moja inatosha.

Hatari iko kwenye shafti, vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Chombo kikiinuka, shafti zinalala kwa mteremko mkali zaidi, na jointi, yaani viungo vya ncha zake, zinafanya kazi katika pembe ambayo hazikuizoea. Kwa hiyo, magurudumu yakiwa bado hewani, zungusha kila moja kwa mkono, polepole, usukani ukiwa umekatwa kulia kisha kushoto. Ukisikia kukwama au kugongagonga, umeinua kupita kiasi; tafuta breketi fupi. Tazama pia buti za mpira zinazofunika jointi: mikunjo ikisuguana, zitapasuka, vumbi na maji viingie, na jointi imekwisha. Paipu za breki nazo zisivutike.

Bolti za mikono inayounganisha magurudumu na fremu, zenye bushi (pete) za mpira, usizikaze chombo kikiwa hewani. Shusha chombo kwanza, kikae kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo bushi zinabaki zimejisokota. Kisha pima upya usawa wa magurudumu ya mbele, na ukague nati zote baada ya safari ya kwanza.

Na tafadhali, kwenye miteremko ya pembeni endesha taratibu. Kilichoinuliwa hupinduka upesi zaidi.