Toleo la Linux au Proton? Namna ya kuchezesha michezo ya Windows bila kumaliza bando

Tangu Microsoft ilipositisha usaidizi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zilizotumika ambazo huuzwa madukani Kampala zimebaki njia panda, kwa sababu prosesa zake za Intel ni za kizazi cha sita au cha saba ilhali Windows 11 inadai kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Baadhi ya wenye kompyuta hizo wamehamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, na swali lao la kwanza, hasa wakiwa vijana, huwa kama michezo yao itakubali. Mingi inakubali. Linalobaki ni kujua njia ipi itumike kwa mchezo upi, na kulijua hilo kabla ya kupakua gigabaiti 40 kwa bando ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Linux yenyewe: waundaji wa mchezo, au kampuni waliyoipa kazi hiyo, huuandaa upya msimbo wake ili uzungumze na Linux moja kwa moja. Ya pili ni kuuchukua mchezo uleule wa Windows na kuuendesha juu ya tabaka la upatanifu. Tabaka kongwe linalojulikana sana ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Wine haiigi kompyuta nyingine. Prosesa yako inatekeleza maagizo ya mchezo kama yalivyo, na kazi ya Wine ni kama ya mkalimani wa mahakamani, kwani mchezo unapoiomba Windows ifungue faili au itoe sauti, Wine hulipokea ombi hilo na kulifikisha kwa Linux kwa lugha inayoeleweka. Upande wa picha una wafasiri wake. DXVK hugeuza maagizo ya Direct3D, lugha ya Windows ya kuchora picha, ya matoleo ya 8 hadi 11 kuwa ya Vulkan, lugha ya picha ambayo Linux inaielewa, na VKD3D-Proton hufanya hivyo kwa Direct3D 12. Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Valve, ikishirikiana na kampuni ya CodeWeavers, iliviunganisha vipande hivi ndani ya Steam, duka lake la michezo la mtandaoni, kwa jina la Proton, na tangu kifaa chake cha michezo cha Steam Deck, kinachoendeshwa na Linux, kilipotoka Februari 2022 imekuwa na sababu ya kibiashara ya kuitunza.

Watu wengi hudhani kwamba toleo la Linux ni bora daima, kwa kuwa halina mkalimani. Mimi sikubaliani nao. Ubora wa toleo la Linux hutegemea aliyelitengeneza na kama bado analishughulikia. Matoleo mengi ya miaka ya 2013 hadi 2018 yalitengenezwa na kampuni za nje zilizolipwa kwa kazi hiyo, na baadhi yake yamebeba ndani yake tafsiri ya Direct3D kwenda OpenGL, lugha ya picha iliyoitangulia Vulkan, yaani mkalimani yumo vilevile, ila amefungiwa ndani na hakuna anayemwongezea elimu. Rocket League ni mfano unaofahamika: waundaji wake, Psyonix, waliacha kuhudumia toleo la Linux mwezi Machi 2020, na wachezaji walioliendea toleo la Windows kupitia Proton waliendelea kucheza mtandaoni. Kinyume chake ni Factorio, ambayo watengenezaji wake huilea Linux kwa dhati. Kwenye Linux mchezo huo unaweza kuhifadhi maendeleo yako chinichini bila kusimama, jambo ambalo toleo la Windows halina. Dota 2 na Counter-Strike 2 ni za Valve yenyewe na zina matoleo mazuri ya Linux, hivyo hakuna haja ya kuzipitisha Proton.

Kwa hiyo anza na kompyuta yako, halafu ndipo uende kwenye mchezo. Kipimo muhimu ni Vulkan. Kwenye Ubuntu, Linux Mint au Debian, fungua dirisha la amri na uandike:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install vulkan-tools mesa-vulkan-drivers mesa-vulkan-drivers:i386
vulkaninfo --summary

Draiva, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuitumia kadi ya grafiki, za biti 32 zenye alama ya i386 zisirukwe hata kama kompyuta yako ni ya biti 64, kwa kuwa michezo mingi ya zamani ni ya biti 32 na bila draiva hizo itafunguka na kufunga papo hapo pasipo kukuambia sababu. Katika majibu ya amri ya mwisho tafuta neno apiVersion lililo chini ya jina la kadi yako ya grafiki. Likionyesha 1.3 au zaidi, uko salama, kwani DXVK kuanzia toleo la 2.0 la mwaka 2022 inahitaji Vulkan 1.3. Grafiki za ndani za Intel kuanzia kizazi cha sita, kile cha mwaka 2015, zinafikia kiwango hicho. Ukiona jina llvmpipe peke yake, maana yake draiva ya kadi haipo na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Usiendelee mbele kabla ya kulirekebisha hilo.

Wenye kompyuta za Intel za kizazi cha tatu na cha nne, ambazo bado zimejaa mitaani kwa sababu ya bei yake, wana hali ya pekee. Vulkan kwenye grafiki hizo haijakamilika, na kadi za Nvidia za familia ya Kepler ziliishia kwenye draiva namba 470 ambayo haifiki Vulkan 1.3. Hapa uamuzi hugeuka: yale matoleo ya Linux ya zamani niliyoyalaumu hapo juu, kwa kuwa hutumia OpenGL, ndiyo yanayokuokoa, na mchezo wenye toleo hilo uanze nalo. Mchezo usio nalo unaweza kuujaribu kwa Proton 7.0 au 6.3, ambazo zinatumia DXVK ya zamani, au uiambie Proton itumie OpenGL kwa kuandika maneno haya katika nafasi ya “Launch Options” ndani ya “Properties” za mchezo:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Michezo ya enzi za Direct3D 9 mara nyingi huitika. Ya Direct3D 11 usiitegemee sana, na ya Direct3D 12 isahau kabisa kwenye mashine hizo.

Baada ya kompyuta, uchunguze mchezo wenyewe. Tovuti ya ProtonDB hukusanya taarifa za wachezaji kuhusu kila mchezo wa Steam, nayo huupa daraja kuanzia platinamu kushuka hadi usiofanya kazi. Daraja lenyewe usilishike sana. Soma taarifa za miezi ya karibuni, na hasa za watu wenye grafiki za aina ya yako, kwa sababu mchezo wenye daraja la dhahabu kwa mwenye kadi kubwa ya AMD unaweza kuwa mateso kwenye grafiki ya ndani ya Intel. Humo pia ndimo watu husema wazi kama toleo la Linux limeoza na kwamba la Windows kupitia Proton ni afadhali.

Kikwazo ambacho hakuna ufundi wako utakaokiondoa ni programu za kuzuia udanganyifu katika michezo ya mtandaoni. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilitangaza mwaka 2021 kwamba zitakubali Proton, lakini ruhusa hiyo lazima iwashwe na mwenye mchezo, na wengine wamekataa. Fortnite haikubali. Valorant haikubali, kwa kuwa kinga yake ya Vanguard inaingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha Windows, mahali ambapo Wine haina la kufanya. Apex Legends ilikuwa ikifanya kazi, kisha Electronic Arts ikaifunga kwa watumiaji wa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. Wapenzi wa kandanda, ambao kwetu ni wengi kuliko wote, wajue kwamba EA Sports FC tangu toleo la 24 iko katika kundi hilohilo kwa sababu ya kinga ya EA yenyewe. Ukikutana na mtu mtandaoni anayedai kuwa na njia ya kuzizunguka kinga hizi, achana naye; akaunti yako ndiyo itakayofungiwa.

Ukisharidhika, sakinisha Steam. Chukua kifurushi cha deb kutoka tovuti ya Steam yenyewe badala ya kile cha snap kilichomo katika duka la Ubuntu, ambacho kimewasumbua watu kiasi kwamba hata wahandisi wa Valve walishauri kisitumike. Ndani ya Steam ingia “Settings”, kisha “Compatibility”, na uruhusu Proton kwa michezo yote. Katika matoleo mapya ya Steam huenda ukakuta ruhusa hiyo imekwisha kuwashwa. Mchezo usio na toleo la Linux sasa utapakuliwa ukiwa wa Windows na kuendeshwa na Proton bila wewe kufanya lolote zaidi.

Mchezo wenye matoleo yote mawili huletwa kwanza ukiwa wa Linux. Kuubadilisha, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, fungua “Properties”, nenda “Compatibility”, weka alama ya kulazimisha tabaka maalumu, na uchague Proton unayoitaka. Hapa ndipo fedha hupotea. Mara ukichagua, Steam huanza kuleta mafaili ya Windows. Baadhi ya michezo hutumia sauti na picha zilezile katika matoleo yote mawili, hivyo kinachopakuliwa ni kidogo, lakini mingine hupakua karibu kila kitu upya. Sitisha upakuaji kwanza, tazama ukubwa unaoonyeshwa, halafu uamue. Vizuri zaidi ni kufanya uchaguzi huo kabla ya kusakinisha mchezo kwa mara ya kwanza. Kumbuka pia kuwa Proton yenyewe, pamoja na mazingira yake yanayoitwa Steam Linux Runtime, hupakuliwa mara ya kwanza unapoihitaji, na hayo ni mamia ya megabaiti mbali na mchezo.

Zipo njia za kupunguza gharama hii. Tangu mwaka 2023 Steam inaweza kuhamisha mchezo kutoka kompyuta moja hadi nyingine zilizo kwenye Wi-Fi moja, hivyo ikiwa unaishi hosteli moja na mwenzako huko Wandegeya na yeye anao mchezo huo wa Windows, data nyingi zitatoka kwake bila kugusa bando. Mpangilio wake umo katika “Settings” chini ya “Downloads”. Hapohapo kuna upakuaji wa sheda, yaani vijiprogramu vya kuchorea picha vilivyoandaliwa mapema, ambao hujirudia mara kwa mara. Ukiuzima, mchezo unaweza kusitasita dakika za mwanzo, lakini kwa anayelipia kila megabaiti mimi naona ni heri uzimwe.

Ikiwa umebakiza Windows kwenye sehemu nyingine ya diski, usiielekeze Steam ya Linux iendeshe michezo moja kwa moja kutoka huko. Sehemu hiyo hupanga mafaili kwa mfumo wa NTFS wa Windows, na folda ambazo Proton huziunda zina majina yenye alama ya nukta pacha, alama ambayo Windows haikubali katika majina. Matokeo yake ni michezo kutofunguka, au Windows kulalamika kwamba diski ina hitilafu. Nakili folda ya mchezo kutoka steamapps/common ya Windows na kuiweka katika steamapps/common ya Linux, chagua Proton kwa mchezo huo, kisha bofya kusakinisha. Steam itayakuta mafaili, itayakagua, na kupakua yaliyopungua tu.

Mchezo ukigoma kufunguka, badilisha toleo la Proton kabla ya kugusa kitu kingine. Video za hadithi zikionekana kama mistari ya rangi badala ya picha, jaribu GE-Proton, toleo linalotengenezwa na mtu binafsi lenye visimbuzi vya video ambavyo Valve huvikwepa kwa sababu za hataza. Faili lake hufunguliwa ndani ya folda ~/.steam/root/compatibilitytools.d (alama ~ ni folda yako ya nyumbani) na Steam kuwashwa upya. Ukitaka kujua sababu halisi, weka PROTON_LOG=1 %command% katika nafasi ileile ya “Launch Options”, na kumbukumbu itaandikwa katika folda yako ya nyumbani.

Kwa michezo iliyonunuliwa nje ya Steam, programu ya Heroic inahudumia maduka ya Epic na GOG, na programu ya Lutris inapokea karibu kila kitu kingine. Kanuni za Vulkan na za kinga ni zilezile. GOG ina faida moja kwa wenye intaneti ya shida: unaweza kupakua kisakinishi mara moja, ukakiweka kwenye diski ya nje na kukitumia tena siku yoyote bila mtandao.

Jambo la mwisho ni maendeleo yako ndani ya mchezo. Toleo la Linux kwa kawaida huyahifadhi chini ya ~/.local/share au ~/.config, ilhali la Windows huyahifadhi ndani ya folda ya Proton, katika steamapps/compatdata, chini ya namba ya mchezo huo. Ukihama kutoka toleo moja kwenda jingine usitegemee kwamba hifadhi ya Steam ya mtandaoni itakuhamishia, kwani michezo mingine huhamisha na mingine haihamishi. Nakili folda hiyo kwa mkono kabla ya kubadilisha. Na pale utakaposhauriwa kufuta folda ya compatdata ili mchezo uanze upya, ushauri ambao mara nyingi ni sahihi, ingia kwanza pfx/drive_c/users/steamuser, utoe yaliyomo katika “Documents” na “AppData”, halafu ndipo ufute.