Bia ya ekstrakti na nafaka imegoma? Pima kwanza kabla hujaigusa

Unapotengeneza bia nyumbani kwa ekstrakti (sukari ya kimea iliyokolezwa) na nafaka, bachi (bia ya mpiko mmoja) ikionekana imegoma, yaani imeacha kuchachuka kabla ya wakati, watu wengi wanakimbilia kumwaga hamira nyingine au kufungua ndoo na kukoroga, na hapo ndo wanaiharibu bia ambayo haikuwa na shida yoyote. Twende taratibu.

Hatua ya 1. Achana na mapovu. Kile kidude cha kutolea gesi kikikaa kimya haina maana bia imelala, mfuniko usipobana sawasawa gesi inapita pembeni. Na hamira inaweza kukaa mpaka saa 72 kabla haijaonyesha kitu, kwa hiyo kama umeitia jana tu, iache.

Hatua ya 2. Pima graviti (uzito wa bia ukilinganisha na maji, ambayo ni 1.000; sukari ikiwa nyingi namba inapanda) kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea, na upime vizuri. Chota sampuli kwa chombo kilichotakaswa, itikise gesi itoke maana vibubujiko vinang'ang'ania haidromita vinainyanyua unasoma juu kuliko ukweli, halafu subiri ifike joto lililoandikwa kwenye haidromita yenyewe, nyingi ni nyuzi 20. Sampuli usiirudishe ndooni. Mnaotumia rifraktomita (kipimo kinachosoma sukari kwa mwanga) mjue kitu kimoja, pombe inaipotosha, bila kufanya hesabu ya kusahihisha itakwambia bia imekwama wakati imeshamaliza zamani.

Sasa kama kilichokushtua ni graviti ya mwanzo kuwa chini, tulia. Sukari ya ekstrakti haipotei. Kilo 3 za ekstrakti ya unga kwenye lita 20 zinakupa kama 1.055, ile ya majimaji kilo hizohizo kama 1.045, na nafaka za karameli (kimea kilichokaangwa kikawa kitamu) ulizoloweka zinaongeza kidogo tu. Ukiwa umetia yote, ujazo uko sawa na bado unasoma 1.035, basi maji uliyoongezea mwishoni hayakuchanganyika, yamekaa juu na uzito uko chini. Usiongeze sukari tafadhali!

Hatua ya 3. Imesimama 1.020? Hii ndo kesi ya bia za ekstrakti. Hamira nyingi zinashusha asilimia 70 mpaka 80, yaani ukianza 1.050 tegemea 1.010 hadi 1.015. Ikibaki juu ya hapo angalia sababu: chumba kimepoa, hamira ilikuwa kidogo au ya zamani, hukuipa hewa siku ya kwanza, au umeweka karameli nyingi ambazo sukari yake hamira haiiwezi (hapo hakuna kilichokwama, bia yako ni tamu tu). Kwa bia ya aina ya eli (inayochachushwa kwenye joto la chumba), sogeza ndoo mahali penye nyuzi 20 hadi 22, izungushe polepole bila kufungua hamira iliyotuama inyanyuke, subiri siku 3, pima tena. Isiposhuka ndo utafute hamira mpya, ila usimwage unga mkavu tu, iamshe kwanza kwenye maji kidogo ya kimea yaliyochemshwa yakapoa, ikianza kutoa povu zito ndo uitie. Na usirushe rushe bia, oksijeni saa hizi inaleta ladha ya karatasi iliyolowa.

Hatua ya 4. Onja. Ikiwa na ladha ya siagi au tufaa bichi, iache kwenye joto juu ya hamira yake siku chache, mara nyingi inajisafisha. Harufu ya yai bovu nayo kwa kawaida inapita. Ukali wa chai iliyochemka sana unatokana na nafaka kupitisha nyuzi 77, bachi ijayo loweka kwenye 65 mpaka 70 nusu saa na utoe mfuko wa nafaka kabla hujachemsha. Harufu ya dawa ya hospitali mara nyingi ni klorini ya maji ya bomba, nayo haiondoki. Ladha ya siki pia haina dawa, mwaga, kisha safisha kila kitu, na mipira ya plastiki ya kupitishia bia nunua mipya.

Hatua ya 5. Usijaze chupa kwa kuangalia kalenda. Vipimo viwe vilevile siku 3 mfululizo na viwe karibu na pale ulipotegemea, ndo uweke sukari ya kuleta gesi ndani ya chupa, gramu 6 kwa lita zinatosha bia nyingi. Bia iliyokwama ikiamkia ndani ya chupa, chupa inapasuka na vioo vinaruka, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi wowote iache ndooni wiki nyingine.