Somo: Kuvuka mpaka wa Thailand na Laos kwa njia ya barabara

Wadau, wengi mmeniulizia mpaka wa Nong Khai, hasa mnaosoma Thailand. Kuvuka kwenyewe si kazi. Kinachoumiza watu ni kurudi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1. Kagua viza yako ya Thailand. Kama ni ya kuingia mara moja, ukigongewa tu muhuri wa kutoka imekufa, hata kama ilikuwa na miezi minane mbele. Dawa yake ni kibali cha kuingia tena. Unakikata uhamiaji kabla ya safari: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Mwanafunzi mwenzangu alivuka bila kibali kwa ajili ya wikendi tu. Ikabidi aanze upya maombi ya viza akiwa Vientiane, mji mkuu wa Laos, na mitihani ikampita. Nilimwonea huruma sana.

Hatua ya 2. Viza ya Laos iombe mapema, kwani si kila pasipoti hupewa viza pale mpakani. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na ukurasa mmoja mtupu. Dola za kulipia viza ziwe safi, zisizochanika.

Hatua ya 3. Panda treni ya usiku kutoka Bangkok, asubuhi uko Nong Khai. Chukua tuktuk mpaka darajani, gonga muhuri wa kutoka, kisha kata tiketi ya basi la kuvushia, maana kwa miguu hawaruhusu. Daraja la Urafiki lilifunguliwa 1994 kwa fedha za Australia. Kaa dirishani. Unatoka Thailand gari likipita kushoto kama kwetu, mto Mekong uko chini yako, halafu ng'ambo ya pili barabara inajikata na basi linahamia kulia, kwa sababu Laos wanaendesha kama Rwanda na Burundi.

Hatua ya 4. Dirisha la Laos. Usisogee kabla hujaufungua ukurasa na kusoma tarehe ya muhuri kwa macho yako.

MASWALI

Swali: Kaka, kadi ya manjano ni lazima?
Jibu: Ibebe, dada. Thailand inawadai wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, na Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Chanjo moja inatosha maisha yote.

Swali: Wakati wa kurudi kuna fomu?
Jibu: Ipo. Tangu Mei 2025 kadi ya kuwasili inajazwa mtandaoni, ndani ya siku tatu kabla ya kuingia. Ni bure. Tovuti ikikudai pesa, toka.

Swali: Nimezidisha siku nne Thailand, nikitoka hapo watanikamata?
Jibu: Ukijipeleka mwenyewe unalipa baht 500 kwa kila siku, kwa hiyo andaa 2,000 taslimu. Lakini usingoje ya tano, ndugu yangu. Ukikutwa njiani ukaguzini, hayo ni mambo mengine kabisa.