Arosto ya pombe wodini: namna ya kumtuliza mgonjwa anayeweweseka

Alilazwa Jumatatu, paja limevunjika, kagongwa na bodaboda Manzese. Jumatano usiku akaanza kuchumachuma shuka, anaokota misumari isiyokuwepo: "Sista, shika hii, isianguke." Kazi yake useremala. Jasho linamchuruzika, mikono inatetemeka, mapigo ya moyo 138. Mama yake akaomba amtoe, akasomewe. Nikamvuta pembeni: mama, mwanao anakunywa? Gongo, kila siku, tangu asubuhi.

Wadogo zangu wa zamu za usiku, hiyo ni arosto ya pombe, yaani mwili uliozoea pombe umeikosa ghafla, na hapa imefika pabaya. Mara nyingi huja saa 48 hadi 96 baada ya tone la mwisho, ndiyo maana humkuta mtu wodini, kalazwa kwa jambo lingine kabisa. Asipotibiwa anaweza kufa.

Mwite daktari. Huku mnamsubiri, pima sukari, joto, presha, oksijeni na malaria. Mkague na kichwa; aliyegongwa anaweza kuwa anavuja damu ndani, na harufu ya gongo isikufanye uache kutafuta.

Daktari akiandika dayazepamu ya mshipa, dawa ya kutuliza arosto hii, sogeza kwanza ambu (mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua vizuri) na oksijeni kitandani. Kabatini havimsaidii mtu. Ampuli ya miligramu 10 huwa na mililita 2: isukume taratibu, isiishe chini ya dakika mbili. Usiichanganye kwenye chupa ya dripu, wala usiichome kwenye msuli, kwani huko huingia mwilini bila mpangilio. Kisha kaa naye dakika 5 hadi 10, saa mkononi. Bado anahangaika, rudia kama daktari alivyoagiza. Yule fundi zilimwingia ampuli tano ndipo akalegea, na mwenzangu aliogopa tangu ya pili. Woga huo naujua, ila mgonjwa aliyepewa nusu ya anachohitaji huendelea kuungua. Unachotaka ni asinzie, lakini ukimwita afumbue macho. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikishuka chini ya 12, au oksijeni ikianza kushuka, acha kuchoma, mfungulie njia ya hewa, mwite daktari.

Mzee, au mwenye macho ya manjano kwa ini, mkumbushe daktari: dozi ndogo, na lorazepamu, ndugu yake dayazepamu, kama ipo.

Zamani, hospitali nyingine, nilimkuta mgonjwa wa namna hii kafungwa kitandani kwa bendeji, kachomwa haloperido, dawa ya wagonjwa wa akili, peke yake. Alishikwa na kifafa mbele yangu. Haloperido haitibu arosto, na huufanya ubongo uwe mwepesi kushikwa na kifafa. Sijasahau vile vifundo.

Thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi au ziende pamoja, maana mtu wa gongo hali chakula vizuri, na ubongo uliokosa thiamini unaweza kuharibika moja kwa moja. Ila sukari ikiwa imeshuka, glukosi isisubiri.

Ndugu mwache abaki. Mama yule alikaa taa ikiwaka, akimtajia mwanawe jina na mahali alipo, usiku kucha. Mwambie tu asimnunulie vidonge duka la dawa wala asimpe pombe kidogo "ya kumtuliza".

Na andika saa ya kila ampuli kabla ya kukabidhi zamu. Wa asubuhi asipoiona, ataanza kumchoma upya.