Jinsi ya Kutafuta Namba za Oksidisho katika Kampaundi na Ioni

Namba ya oksidisho ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo endapo elektroni za kila bondi zingehesabiwa kuwa za atomu inayozivuta kwa nguvu zaidi. Bondi inayounganisha atomu mbili za elementi moja hugawanywa nusu kwa nusu, na ndiyo maana kila atomu katika O₂, au katika kipande cha shaba tupu, ina sifuri. Kwa ioni ya atomu moja, kama Fe³⁺, namba hiyo ni chaji yenyewe.

Katika kampaundi, anza na florini, ambayo siku zote ni −1. Kisha metali za kundi la kwanza, +1, na za kundi la pili, +2. Halafu haidrojeni, +1. Mwisho oksijeni, −2. Mpangilio huu una maana, kwa sababu kanuni mbili zikigongana, iliyotangulia ndiyo inayoshika. Katika H₂O₂ haidrojeni inapewa +1 kwanza, hivyo kila oksijeni inabaki na −1. Katika NaH sodiamu inatangulia, na haidrojeni inakuwa −1. Katika OF₂ oksijeni inalazimika kuwa +2. Anayefuata mpangilio mara nyingi hana haja ya kukariri orodha ya vighairi.

Baada ya hapo kazi ni kujumlisha tu: jumla ya namba zote ni sifuri katika kampaundi, na ni sawa na chaji katika ioni. Kwa Cr₂O₇²⁻ tunaandika 2x + 7(−2) = −2, hivyo 2x = 12, na kila kromiamu ni +6. Anayesahau chaji ya ioni na kuandika sifuri upande wa kulia atapata +7, jibu lisilowezekana, kwani kromiamu ina elektroni sita tu za kutoa.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale elementi moja inapokaa katika hali mbili. Ukiichukua NH₄NO₃ kwa ujumla utapata nitrojeni +1, wastani usioeleza chochote. Itenganishe kwanza kuwa NH₄⁺ na NO₃⁻, nawe utaona −3 katika ya kwanza na +5 katika ya pili. Vivyo hivyo, 8/3 ya chuma katika Fe₃O₄ si kosa la hesabu, bali ni wastani wa Fe²⁺ moja na Fe³⁺ mbili.

Muundo nao unaweza kuishinda fomula. CrO₅, kwa hesabu ya haraka, inadai kromiamu +10, ilhali elektroni zake ni zile zile sita. Oksijeni nne kati ya hizo tano zimeungana mbili mbili kama katika H₂O₂, kila moja ikiwa −1, na moja tu ni −2. Jumla ni −6, na kromiamu inarudi kuwa +6.