Kabla ya Kuupanga Upya Ukaguzi wa Usalama Kazini

Wenye viwanda Tanzania wamelalamika miaka mingi kwamba leo wanampokea mkaguzi huyu, kesho yule, na kila mmoja ana fomu yake. MKUMBI, mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, uliibeba hoja hiyo mwaka 2018. Julai 2019 udhibiti wa chakula na vipodozi ukahamia TBS, Shirika la Viwango, na TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Haitakuwa ajabu OSHA, wakala ulioanzishwa mwaka 2001 kusimamia usalama na afya mahali pa kazi, nayo ikiambiwa ijipange upya. Siku hiyo ikifika, muundo usichorwe kwanza halafu watumishi waitwe ukumbini kuonyeshwa.

Anzeni na wakaguzi wenyewe. Kwenye karatasi, mkaguzi mmoja wa kila kitu kwa safari moja anapendeza. Sasa mwulizeni anayekagua boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Haikaguliwi ndani ikiwa na moto: huzimwa, ikapoa, ikatolewa maji na kufunguliwa, hivyo mwenye kiwanda huarifiwa mapema apange uzalishaji wake. Mwenzake anayetafuta mashine zisizo na kinga hutaka kuingia ghafla, maana akitoa taarifa atakuta kinga zimefungwa asubuhi hiyohiyo. Anayepima kelele anataka mitambo yote iwe inanguruma. Safari hizo tatu hazigeuki moja kwa kumbadilishia mtu cheo.

Haki ya kuingia bila taarifa imo katika Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1947, ambao Tanzania imeuridhia. Mkataba huohuo unataka jina la aliyelalamika lifichwe. Basi kabla ya kuunganisha masijala au mifumo ya kompyuta, amueni nani ataruhusiwa kufungua jalada la malalamiko. Jambo hili huachiwa kirahisi fundi wa mfumo, na linanitia wasiwasi kuliko nembo mpya.

Pitieni vitambulisho na barua za uteuzi, notisi za katazo (amri za kusimamisha kazi au mashine ya hatari) ambazo hazijafungwa, na kesi zilizoko mahakamani. Wakili wa mshtakiwa hatakosa kuuliza aliyesaini alikuwa na mamlaka gani siku ile.

Baraza la Wafanyakazi lipewe rasimu mapema, pamoja na ikama, yaani idadi ya watumishi kwa kila nafasi, ya sasa na inayopendekezwa, wajumbe wapate muda wa kurudi kwa wenzao wa kanda. Kama kuna watakaopunguzwa, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinadai notisi ya kusudio na mashauriano kuhusu sababu na vigezo. Kwa wanaohamishwa, fedha za uhamisho zitengwe kabla barua hazijatoka. Madereva nao waulizwe; wao ndio wanaojua machimbo yapi ya kokoto hayafikiki masika. Na kila hoja ya watumishi itakayokataliwa ijibiwe kwa maandishi, sababu ikiwa imetajwa.